Kigari cha Mama Mkwe

Ulimi alimwona mama mmoja akikizunguka kile kigari cheupe cha Kichina, akichungulia vioo, na papo hapo akajua riziki imebisha hodi. Kwamba kigari si chake, hilo halikumkosesha usingizi. Kilikuwa cha mama mkwe wake, aliyesafiri kumuuguza dada yake akamwachia ufunguo. Tangu aoe, ndicho kitu cha kwanza mama huyo kumwamini nacho, na mkewe alishamwonya: "Ukikifanyia ujanja hicho, usirudi nyumbani."

"Karibu, mama! Bahati yako iko hapa!"

"Mimi muoka mikate tu, baba. Nilikuja—"

"Mikate? Basi hiki kimeundwa kwa ajili yako!" Akafungua mlango, akang'oa viti vya nyuma. "Viti ndani, unabeba ukoo. Viti nje, unabeba mikate ya mtaa mzima. Nipe cha kuanzia tu, kesho unakuja kukichukua."

Kesho, bila shaka, kigari kingekuwa kimeibwa na watu wasiojulikana, na Ulimi angelia kuliko wafiwa.

Mama akaguna. "Tairi hili limekwisha."

Ulimi akanunua jingine, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Na mafuta?"

Akajaza tangi.

"Viti virudishe. Nina wajukuu."

Akavirudisha, jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi.

"Haya, lete ufunguo nisikilize injini."

Akampa. Mama akawasha, akafunga mkanda, akatulia kama mtu aliye kwake.

"Mama, cha kuanzia!"

"Alishapokea mama mkwe wako, na cha kumalizia pia. Tulikubaliana jana kwa simu. Nilikuja na salamu zake, ukanikatiza."

Ulimi akaushikilia mlango wa kigari. Akilini aliona mlango wa nyumbani ukifungwa, na yeye yuko nje.

"Mama yangu, utamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mkwewe kaninunulia tairi na kunijazia mafuta? Atafurahi." Akatabasamu. "Ila mikate hutoka alfajiri, na mimi sina wa kuisambaza. Njoo kesho. Si ulisema kesho?"

Sasa kila alfajiri Ulimi husambaza mikate, bila kusema neno. Mama mkwe humsifu kila apigapo simu, na mkewe huwatambia majirani kwamba mumewe hatimaye ameacha maneno, anafanya kazi.