Uhamisho wa Baba Riziki

Leo nimejiaibisha kwa Kiswahili sanifu.

Mnajua kwamba tangu nihitimu masomo ya maabara najitolea kutafsiri katika hospitali moja ya Lilongwe, na kwamba niliapa kutochanganya lugha mbele ya mgonjwa (kiapo ambacho hakuna aliyekiomba). Asubuhi yalitoka majibu ya kipimo cha Baba Riziki, fundi cherehani, jirani yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Ana saratani kali ya damu, na kipimo hicho ndicho kingeonyesha kama dawa zina nafasi.

Nilimweleza kila hatua: chembe za uboho wake zilikuzwa maabara, zikasimamishwa katikati ya kugawanyika, zikapakwa rangi, zikapigwa picha, kisha kromosomu zikapangwa jozi kwa jozi. Kwenye jozi akasinzia. Daktari akataja hitilafu yenyewe kwa Kiingereza: kromosomu ya nane na ya ishirini na moja zimebadilishana vipande. Nikatafuta neno safi. Nikalipata.

"Baba Riziki, wamekuta uhamisho."

Usingizi ulimruka. "Uhamisho? Yangu mi?"

"Wako. Kati ya nane na ishirini na moja. Daktari anasema ni habari njema."

Akalia, akanishika mikono, akaomba simu yangu ampigie mkewe. Nilitoka nje kwa adabu. Niliamini sayansi imemgusa.

Alasiri kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ikanishusha kwao. Ua umejaa watu wanaoimba! Godoro lilikuwa linaondoka kichwani mwa jirani. Sufuria zilikwisha kugawiwa. Mama Riziki, ndani ya kitenge chake cha harusi, akaniuliza mbele ya wote:

"Mwalimu, tunaruka tarehe nane, ao mupaka ishirini na moja? Na njo Kanada?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba familia hii inangoja uhamisho wa kwenda nchi ya tatu kwa miaka kumi na mmoja. Wakanipandisha kwenye kiti nihutubie. Nikaeleza, kwa ufasaha mkubwa, kwamba vilivyohama ni vipande vya kromosomu.

Nyimbo zikakatika. Mzee mmoja wa Kindu, kule Kongo, akakohoa.

"Kumbe damu njo imepata viza, batu babaki huku?"

Walicheka hadi wakakaa chini. Mama Riziki hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Atapona?"

Nikamwambia kwamba aina hii ya saratani mara nyingi husikia dawa, na kwamba daktari ana matumaini.

Akafuta macho. "Basi inatosha. Sasa we, mwenye Kiswahili, enda urudishe godoro yangu."

Mpaka sasa nimepata godoro na sufuria tatu. Nikibisha hodi kwako usicheke. Nipe tu kifuniko cha ile kubwa.