Dawa ya Pamba Kwenye Kichuguu cha Tata

Jumatatu, 6 Mei 1974
Jambo hili sijamwambia mtu, hata padri. Jana, wengine wakiwa kanisani, nilimwaga dawa ya baba ya kuulia wadudu wa pamba ndani ya kichuguu cha Tata. Tata ni nyanya yangu. Naishi naye hapa Angurai. Nilikuwa na sababu. Mchwa wa kichuguu hicho wanakata mahindi yangu, na Ijumaa Mwalimu Ignatius anakuja kukagua bustani za wanafunzi. Mshindi atapelekwa maonyesho ya kilimo Kakamega. Petronilla, jirani yetu, anatumia majivu na samadi. Majivu! Mimi nimesoma kitabu cha kemia hadi ukurasa wa tisini. Mkebe ulisema kifuniko kimoja. Nilitia vinane, kwa usalama.

Jumanne, 7 Mei
Mchwa kimya. Nilifurahi hadi saa kumi jioni. Tata akasema mvua imekuwa nzuri, keshokutwa atavuna kumbikumbi. Nilikuwa nimesahau kumbikumbi. Nimewezaje kusahau? Ni mchwa walewale wakiota mabawa. Kila mwaka Tata hufunika kichuguu kwa blanketi na matawi, kisha hupigapiga ardhi kwa vijiti wadhani mvua inanyesha. Wanatoka, wanaanguka shimoni, tunakula wiki nzima. Wa kwanza Tata huwala wabichi, papo hapo, amechuchumaa.
Sikugusa chakula cha jioni.

Jumatano, 8 Mei
Asubuhi nilikusudia kusema kweli. Nikasema swila. Nilimwambia Tata nimeona nyoka huyo akiingia kichuguuni, mrefu kama mwanzi. Nilidhani ataogopa. Alicheka. Alisema alianza kuua swila kabla baba yangu hajaota meno, ila siku hizi mgongo unamuuma, kwa hiyo atamwita Mzee Omagor aje na jembe.
Nimesoma ukurasa mmoja mara nne.

Alhamisi, 9 Mei
Mzee Omagor alichimba tangu saa mbili. Aliniuliza swila alikuwa mweusi au wa kahawia. Nikasema mweusi. Baadaye nikasema kahawia. Akataka kujua kama siku hizi shuleni swila wanabadilisha sare.
Swila hakuna. Walitoka mchwa waliokufa, makarai mawili. Kuku wa Tata wakaikimbilia karamu. Niliwafukuza kwa daftari. Hawakunisikia. Kufikia adhuhuri wanne walikuwa wamelala miguu juu, jogoo akiwa mmoja wao.
Tata aliokota udongo, akaunusa. Kisha akanitazama. Nilieleza yote, hata idadi ya vifuniko.
"Okedi," alisema, "mimi ningekula. Leo ungekuwa unanichimbia kaburi."
Petronilla alikuwa uani, amekuja kuazima ungo. Alisikia kila neno. Akaondoka bila ungo.

Ijumaa, 10 Mei
Petronilla ameshinda. Mahindi yake yamenona kuliko yangu, na bado anawapa mchwa majani makavu pembeni, ati wale hayo waache mahindi. Mwalimu Ignatius alipita kwetu akatazama kichuguu kilichochimbuliwa. Alisema udongo ni kitu hai, na tunachoutia leo kesho kitakuwa ndani ya sahani yetu. Niliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari kwa wino mwekundu. Ni sentensi nzuri sana.
Tata hajanigombeza. Hilo ndilo linalonitisha. Amesema tu kwamba dawa iliyobaki niiondoe, asiione tena nyumbani kwake. Nimeapa mbele ya picha ya Bikira Maria.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeamka mtu mpya. Niliuchukua mkebe hadi kijitoni, mbali na nyumba, mbali na kuku. Nikamwaga dawa yote majini. Nikausuuza mara tatu kama kitabu kinavyoagiza, nikauzika. Halafu nikakaa juu ya jiwe nikasoma. Moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.
Baada ya muda samaki wakaanza kuja juu, mmoja mmoja, wapole ajabu. Hata kukimbia hawakukimbia. Nadhani mtu akitubu kwa kweli, viumbe humtambua. Niliokota kumi na wawili kwa mkono, nikachagua wale wakubwa, nikampelekea Tata badala ya kumbikumbi aliowakosa.
Amefurahi sana. Ameshawasha moto.