Mbeleko Ndani ya Ndege

Jumatatu, 11 Agosti

Leo Wahida kapiga simu. Mara ya kwanza tangu Idi! Nimemkaripia kwanza, asije akajua kwamba simu ilikuwa mkononi mwangu tangu asubuhi.

Habari yake mbaya. Mwenzake kazini, Sophia, kavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Si kwa gari. Kwa hewa! Ndege ilipita pabaya ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Sophia yuko wima, anakusanya vikombe. Kichwa darini, bega sakafuni. Abiria wote wazima, wamefungwa mikanda yao.

Nikamuuliza, na nyinyi wahudumu anawafunga nani? Akasema rubani akiwaambia wakae, hukaa wakajifunga, ila hewa nyingine haipigi hodi. Nikamwambia aache kazi, arudi Kaole tulime mihogo. Shamba halijamrusha mtu darini. Akacheka. Akasema, "Mke mwenzangu, nikija huko, watoto wa watu atawaangalia nani?"

Ndivyo tunavyotaniana, bibi na mjukuu. Huyo mume wetu, marehemu babu yake, huu mwaka wa tisa yuko kaburini. Mama yake Wahida alikufa mtoto ana miezi mitano. Nimemlea mgongoni. Sina mwingine.

Nimepakua wali sahani mbili. Mazoea mabaya. Ya pili kala paka.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata dawa!

Ile tiketi ya jamaa za wafanyakazi, aliyonibembeleza nayo miaka mitatu, nimeikubali. Tunakwenda Mwanza Jumamosi, ndege anayohudumia mwenyewe. Nimemwambia nataka kuliona ziwa. Uongo. Maji ninayo hapa mpaka yananiudhi. Nakwenda kumkalisha chini.

Nimetoa mbeleko yake sandukuni. Bado nzima! Nilimfunga nayo miaka miwili. Nikalima, nikachota maji, nikaruka mitaro, hakudondoka hata siku moja. Hao wenye ndege na shule zao wameshindwa. Mimi wa darasa la nne sijashindwa.

Maalim Ibrahimu kaniandikia kombe, aya za Kurani kwenye sahani, kwa zafarani. Nimeliosha kwa maji ya waridi, nikajaza chupa ya lita moja na nusu. Nusu nitanyunyiza ndani ya ndege, nusu ataninywea mbele ya macho yangu.

Zuhura wa jirani kachungulia uani. "Bi Mardhiya, uzee wote huo unafuata mume Mwanza?" Nikamjibu wake alikimbia kwa miguu, hata ndege hakuingoja. Akaingia ndani. Wajukuu zake sita wakacheka mpaka magharibi. Kelele tupu! Nyumba yangu ina adabu. Hata kijiko kikianguka nakisikia.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwenye benchi la hospitali, Mwanza. Ziwa sijaliona.

Nianze uwanjani. Mkaguzi akasema chupa haipiti. Nikamwambia mna Ayatul Kursiyyu humo. Akasema hata hivyo, mama, uimwage au uinywe. Nimwage kombe! Nikainywa yote, foleni nzima inanitazama. Tumbo likawa ngoma.

Wahida kavaa sare, kapendeza kama bibi harusi. Sikumwambia. Nilimwambia sketi imembana. Akanifunga mkanda kwa mkono wake, akaniambia nisiufungue mpaka aje mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa tu. Kichwa si kiapo.

Tulipokuwa juu sana ndege ikaanza kutetemeka. Taa ya mikanda ikawaka. Rubani akawaamuru wahudumu wakae. Wahida akaenda mbele kabisa, akaketi kwenye kiti cha kukunjua, anatutazama. Kifuani mikanda miwili, kama ya begi la shule! Hana mtu ubavuni. Mtoto wangu!

Nikaufungua mkanda wangu. Mama wa kiti cha pili akaniuliza wapi, nikamwambia msalani. Kwa tumbo lile nani angebisha? Mbeleko kwapani, nikashika njia. Wahida akapiga kelele, "Bibi, kaa! Kaa chini!" Ananiamrisha mbele za watu! Nikamwambia akae yeye, nakuja kumfunga. Nikapiga hatua nne.

Ya tano sakafu haikuwepo.

Nikaona dari inanijia. Kisha mtu akanivuta baibui, akanilaza chini, akanilalia mgongoni. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi, yale ninayompikia mwenyewe. Kajifungua mikanda yake, kanifuata. Chuma cha kiti kikampiga mkono. Ko! Kama muhogo mkavu.

Mimi sina hata mchubuko. Mwenzake, Husseni, akawa anatafuta kitambaa cha kuutundikia mkono. Nikampa mbeleko. Imetosha vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

Yuko nyumbani! Plasta mpaka kiwikoni. Daktari kasema wiki sita. Wiki sita! Alhamdulillahi. Astaghfirullahi.

Nimepika samaki wa nazi. Namlisha kwa mkono wangu. Hataki, anasema mkono mmoja mzima. Namlisha hivyo hivyo. Sahani mbili, zote zimeliwa. Paka kanuna.

Zuhura kaja kumjulia hali na wale sita wake. Akauliza nini kimemvunja. Nikawahi, nikasema hewa. Wahida akasema si hewa. Yeye alikuwa amekaa, amefungwa, salama. Aliyesimama ni Bibi.

Nilingoja Zuhura acheke. Hakucheka. Akaangalia chini, akasema pole. Bora angecheka!

Walipoondoka Wahida akaniambia polepole kwamba mimi nikikaa na mkanda wangu, na yeye anaweza kukaa na wake. Hapo ndipo ulinzi wake ulipo, hauna siri nyingine. Nikamwambia ale, samaki anapoa.

Jumapili, 24 Agosti

Kaondoka. Hata wiki haikutimia! Wamempa kazi ya kukaa ofisini mpaka mkono upone, awafundishe wahudumu wapya. Somo la kwanza, abiria anayesimama. Nikamuuliza atanitaja jina? Akasema hapana, atasema bibi mmoja wa Kaole. Kaole nzima mabibi wangapi wamepanda ndege?

Mbeleko kaifua, kaiacha kitandani. Kaikunja kwa mkono mmoja, imekaa upande. Nilitaka kuikunja upya. Nimeiacha ilivyo.

Sahani mbili tena.

Nimewaza siku nzima, na kosa nimeliona. Lilikuwa umbali. Hatua tano ni nyingi kwa mtu wa miaka sabini na mbili. Safari hii nitadai kiti cha mbele kabisa, mkabala na chake, nikinyoosha mkono namfikia. Mkono wake ukipona tu nampigia.

Nitamwambia nataka kuona Bukoba.