Waya Wangu ni Kamba ya Nguo

Jengo la Nne, nyumba 402
Jumanne, 26 Machi

Mheshimiwa Bwana Kuramochi,
Mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi wa Jengo la Nne,

Chavua ya mierezi imeanza kupungua, na natumaini pua yako imepata nafuu. Juzi nilikusikia ngazini ukipiga chafya saba mfululizo nikakuhurumia kwa dhati, ingawa siku hizi hatusemezani.

Nimepokea karatasi yako inayonitaka niteremshe waya wa antena kutoka kwenye roshani yangu kabla ya Ijumaa. Nakataa. Nakataa kwa adabu kwa sababu mke wangu, Mitsue, amesimama nyuma ya kiti changu na kila nikiandika neno kali ananigusa bega.

Unajua kwamba nasikiliza redio ya masafa mafupi tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na sasa nina sitini na mitatu. Usilolijua ni habari ya Bi Wakana. Huyo ni mtangazaji wa kituo kimoja cha ng'ambo ya bahari, ambaye kwa miaka thelathini na minane amekuwa akitusemesha kwa lugha yetu kila Jumamosi. Nina kadi mia mbili na kumi na moja kutoka kituoni kwake, kila moja ikithibitisha kwamba nilimsikia kweli. Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, atatuaga, na kituo kitafungwa. Ukiuondoa waya wangu Ijumaa, kwaheri yake nitaisikia kama bisi zinazorukaruka kwenye sufuria. Sitakusamehe, Mwenyekiti, na nina afya njema, kwa hiyo nitakuwa na muda mrefu wa kutokusamehe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kanuni ya kumi na mbili inasema hakuna kitu kuning'inia nje ya roshani isipokuwa nguo na matandiko. Mimi nimeanika soksi moja kwenye waya wangu. Kwa hiyo huo si antena, ni kamba ya nguo. Kwamba una urefu wa mita kumi na nne na umefika hadi kwenye nguzo ya taa ya maegesho ya baiskeli ni kwa sababu napenda soksi yangu ipate upepo wa kutosha. Kanuni haisemi soksi ngapi.

2. Mkutanoni uliniambia mbele za watu, "Bwana Kitazume, si ununue tu kaantena kadogo kama watu wengine?" Watu walicheka. Unadhani nilikurupuka? Nilianza na fimbo ile ya redio yenyewe, ya kuvutwa, nikapata bisi tu. Nikazungusha waya kwenye kiango cha koti nikautundika dirishani. Nikapata bisi na kituo kimoja cha taarifa za meli. Nikaunganisha redio na mlingoti wa kuanikia nguo. Huo ulishika vizuri sana wakati mashati yalipokuwa mabichi, lakini yalipokauka sauti ilipotea, na Mitsue alikataa kufua mashati yaleyale mara tatu kwa siku kwa ajili ya sauti ya mwanamke mwingine. Ndipo nikafikia waya mrefu. Mchagua antena ni sawa na mchagua mchumba: huwezi kumwambia achukue mfupi kwa sababu majirani wanaona haya.

3. Unasema nyumba zote ishirini zimekubali waya utolewe, na mihuri yao iko kwenye ubao mdogo wa matangazo unaopitishwa mlango kwa mlango. Ni kweli, na muhuri wangu ni mmojawapo. Niliupiga mwenyewe nikidhani ni habari za kuzibua mifereji. Wewe na mimi tunajua jinsi ubao unavyosomwa humu: mtu anafungua mlango, anatafuta nafasi ya jina lake, anagonga muhuri, anaupeleka kwa jirani kabla wali haujaungua.

Lakini silalamikii hilo. Kama muhuri ni ukubali, basi na uwe ukubali kwa wote. Tarehe 7 Machi nilibana karatasi yangu chini ya tangazo lako la siku za takataka. Niliandika wazi kwamba viti vya choo vya umeme, hivi vinavyotupasha makalio joto, vinanguruma ndani ya redio, na kwamba kila nyumba ichomoe waya wa kiti chake kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku, mpaka mwisho wa mwezi. Ubao ulirudi ukiwa na mihuri ishirini. Wako ni wa tisa, umeinama kidogo kushoto.

4. Mngurumo haujapungua hata chembe. Hii maana yake ni moja tu: watu wazima wa jengo hili, waliotoa muhuri wa ukoo wao, wanakalia viti vya moto saa za marufuku. Simtaji mtu kwa ubaya, ila namtaja Bi Tamaoki wa ghorofa ya tatu, kwa sababu choo chake kiko moja kwa moja chini ya redio yangu. Ana miaka themanini na minne, na nilitegemea mfano mwema kutoka kwake. Alhamisi iliyopita, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, nilisikia akivuta maji mara tatu. Nataka upite nyumba kwa nyumba saa hizo, ukiwa na shahidi, uweke kiganja juu ya kila kiti.

5. Kwa kuwa uaminifu umeshindikana, naomba Jumamosi umeme wa jengo zima ukatwe kwa saa moja. Wakazi wakae ngazini kimya. Atakayebanwa na haja ajibane. Bi Wakana amejibana miaka thelathini na minane bila kutuambia mshahara wake ni mdogo. Na jina langu lisafishwe kwenye ubao, kwa herufi kubwa, watu wapige muhuri.

Nikiomba radhi kwa kuchukua muda wako, nakusalimu wewe, mkeo, mama mkwe wako na yule sungura wenu ambaye kanuni ya tisa haimruhusu. Mitsue naye anasalimu.

Wako katika ujirani,
Kitazume Shuzo

NB. Jumatano, 27 Machi. Kabla sijaitia barua hii kwenye sanduku lako, Mitsue aliisoma yote, akaniuliza, "Na chetu je?"

Sikuwa nimekichomoa. Alikwenda chooni akavuta waya wa kiti chetu, na mngurumo ukakatika palepale. Nikatoa waya mrefu kwenye redio nijaribu; hakuna kilichobadilika. Fimbo ya redio peke yake inatosha. Nimeuteremsha waya leo asubuhi, na soksi yake.

Mitsue alinipa sanduku la stroberi akaniamuru niende kwa Bi Tamaoki nikamwombe radhi kwa niliyomdhania. Nilimuuliza kama aliiona karatasi yangu.

"Niliisoma, baba," akasema. "Nikasema, jirani ana kitu anakipenda, makalio yangu yatavumilia."

Alichomoa waya wa kiti chake siku ileile ubao ulipomfikia, tarehe nane. Kuvuta aliweza. Kurudisha hakuweza, maana tundu la umeme liko nyuma ya choo, chini, na mgongo wake haukunjiki tena. Kwa hiyo haikuwa saa moja kwa siku, Mwenyekiti. Zilikuwa siku kumi na tisa, usiku na mchana, na baridi ya Machi unaijua.

Nilipiga magoti sakafuni nyuma ya choo chake nikauchomeka. Nilibaki palepale kwa muda, kwa sababu sikutaka anione uso. Jumamosi atakuja kwetu tumsikilize Bi Wakana pamoja. Kwa kuwa kiti chetu kitakuwa baridi, nimemsihi akalie chake kwanza.