Ombi la Kifyatulio cha Bastola Kutambuliwa kuwa Kinyonya Moshi

Oberkreuzling, Jumatano jioni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kanuni,
Umoja wa Vyama vya Walenga Shabaha wa Wilaya.

Mheshimiwa Daktari Öttl,

Pokea salamu zangu za heshima, mimi Severin Pfaffinger, mfagia dohani mwenye leseni, na mwanachama wa chama cha walenga shabaha cha Oberkreuzling tangu enzi nilipokuwa na nywele. Natumaini hujambo, na kwamba lile goti lililokusumbua kwenye mashindano ya masika limetulia. Huku kwetu wote hawajambo, isipokuwa mimi.

Nina ombi dogo. Naiomba kamati yako inipatie hati yenye muhuri, inayotamka kwamba kifyatulio cha bastola na chombo cha kunyonya moshi jikoni ni kitu kimoja kisheria. Naihitaji kabla ya Jumapili. Siku hiyo, kama ujuavyo, ni fainali ya wilaya dhidi ya Niedermoos, na nahodha wetu, Korbinian Stadlhuber, ameniambia mbele za watu kwamba nisipopatana na mke wangu kufikia hapo, nafasi yangu katika timu ya kwanza atapewa mtu mwingine. "Severin bwana," aliniambia huku anatafuna, "mtu aliyevurugana na mkewe mkono unamcheza. Kamalize ya nyumbani kwanza, ndipo uje tulenge." Mheshimiwa, sijawahi kufika fainali. Wenzangu wamefika, wengine mpaka wamechoka nazo. Mimi ndiyo kwanza, na sina hakika kama macho yangu yatanifikisha nyingine.

Chanzo cha yote ni neno moja. Lugha yetu, wewe msomi unalijua hili kuliko mimi, ni bahili sana wa maneno. Kile kidude cha bastola kinachovutwa kwa kidole tunakiita Abzug. Chombo kinachoning'inia juu ya jiko kunyonya moshi na mvuke nacho tunakiita Abzug. Mwamuzi akimkata mtu alama, hiyo nayo ni Abzug. Waliotuachia lugha hii hawakufikiria watu waliooa.

Sasa, kwenye sherehe ya miaka ishirini na mitano ya ndoa yetu, iliyofanyika pale klabuni, nilisimama na bia mkononi nikasema: "Walburga mke wangu, mwaka huu nyumbani kwetu itaingia Abzug mpya, ya daraja la kwanza." Watu wakapiga makofi. Walburga akalia, akajifuta kwa kitambaa cha meza. Nami machozi yalinilenga, maana yeye mwenyewe ni mlenga shabaha, yumo kwenye timu ya pili, na niliona nimepata mke anayeelewa mateso niliyopata na kifyatulio changu cha zamani. Kile, Mheshimiwa, ukikivuta kilikwama, kikasogea, kikakwama tena, kama kabati linaloburutwa juu ya mbao, halafu kikaachia wakati wewe umeshakata tamaa na unafikiria mambo mengine. Risasi ilikwenda kokote ilikopenda.

Kumbe alikuwa analilia jikoni kwake.

Wiki zilizofuata alikuwa mchangamfu ajabu. Alishusha rafu ya viungo juu ya jiko, akasugua ukuta mpaka ukang'aa, akawa ananipikia chochote nitakacho. Mimi nikajua anafurahia maendeleo yangu ya michezo. Na kwa kuwa ukuta ulikuwa mweupe na mtupu, nilibandika pale duara jeusi la shabaha, nikawa kila asubuhi nafanya mazoezi ya kuvuta bila risasi. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mpaka siku ya siku." Nikasema, mpaka siku ya siku.

Siku ya siku kifurushi kikaja. Walburga alikuwa amemwalika dada yake Kreszenz, ameoka keki, amemwomba na kijana wa jirani alete ngazi. Kifurushi chenyewe hakizidi kipande cha sabuni. Akakifungua, akakishika kile chuma kwa ncha za vidole, akakigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hizi ndizo skrubu za kufungia. Na yenyewe iko wapi?" Nikamwambia ndiyo yenyewe. Nikamweleza kwamba ina skrubu ndogo ya kupanga uzito, na nyingine ya kupanga mwendo wa kidole kabla ya kufika pale kinapokaza, na nyingine ya kukizuia kisirudi nyuma zaidi baada ya risasi kutoka. Nilieleza vizuri sana, nadhani, mpaka Kreszenz aliponikatiza. "Burgl, dada yangu," alisema, "sasa huo moshi wako utapita wapi, kwenye mtutu?"

Walburga aliinuka. Alivaa koti, akachukua sufuria kubwa na kikaango, akaondoka. Keki aliondoka nayo pia.

Kwa heshima zote, basi, naorodhesha malalamiko yangu.

1. Niliahidi Abzug, nikaleta Abzug. Niliahidi ya daraja la kwanza, nayo ni ya daraja la kwanza. Fundi wa bunduki wa mjini aliyeifunga alivuta mara moja, kisha akavuta tena, kisha akasema, "Ee, hii ni kitu." Kidole kinasogea kidogo bila kuhisi chochote, kinafika pale kinapokaza, ambapo sisi walengaji tunapaita ukutani, kinatulia hapo, na ukiongeza kidogo tu, risasi imeshaondoka na wewe bado umetulia. Ilipopimwa kwa lile jiwe la kilo moja linalotumiwa na waamuzi, ililibeba bila kuachia, kama kanuni zako zinavyodai. Sasa naomba kamati inionyeshe mahali ambapo nimedanganya. Mtu aliyeahidi mbuzi akaleta mbuzi haulizwi kwa nini hakuleta ng'ombe.

2. Walburga amehamia na mapishi yake klabuni. Pale jikoni, nasikitika kusema, kuna kinyonya moshi kikubwa tulichochangia sote, mimi nikiwemo. Kila jioni anaoka nguruwe, ngozi inapasuka kwa ukavu, na maandazi ya viazi yanaelea kwenye mchuzi wa bia. Kile kinyonya moshi kinanyonya harufu yote na kuitoa upande wa pili, yaani hasa pale tunaposimama kulenga. Hebu fikiria, Mheshimiwa: umeshikilia pumzi, kidole kimefika ukutani, na harufu ya vitunguu inakupita puani. Nani atalenga? Mazoezi yamekufa. Korbinian amenenepa mpaka haoni mkanda wake. Nami nikisogea na sahani yangu, mke wangu ananiambia mbele za wote, "Wewe mzee kale kwako, si una Abzug?" Meza nzima inacheka, na waliocheka zaidi ni wale niliowasainia fomu za uanachama.

3. Kwenye mazoezi ya Ijumaa nilichanganyikiwa, nikapiga risasi sita mahali pa tano. Nilikuwa sijala, na hili naomba lizingatiwe. Mwamuzi akaja nyuma yangu akatamka kwa sauti, "Pfaffinger, Abzug!" Nikadhani anaisifia. Nikamwambia asante, ni mpya, njoo uijaribu. Kumbe alikuwa ananikata alama mbili. Akanikata na nyingine kwa kumfanyia mzaha.

4. La nne nililiandika kwa hasira kuhusu shemeji yangu Kreszenz. Nimelifuta.

5. Heshima ya kazi yangu imeingia doa. Kwetu, kama ujuavyo, ukikutana na mfagia dohani asubuhi unamgusa bega ili siku iwe njema, na miaka yote hii nimeguswa bega na watu wazima na watoto, maharusi wamenifuata na kunipiga picha. Sasa wananigusa huku wanajizuia kucheka. Juma lililopita nilikwenda kwa Bibi Wimmer, mjane wa pale karibu na kanisa, nikamwandikia amri halali ya kurekebisha dohani lake linalovuja. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Mwanangu Severin, kwako nasikia moshi mnautoa kwa bastola. Ukishatengeneza hiyo yako, pita na kwangu." Nina kofia nyeusi ya kazi, nina vifungo vya dhahabu kwenye koti, na bado nilimuaga kwa heshima. Nilitoka nikasahau na brashi yangu kwake, na sijathubutu kuifuata.

6. Hili ndilo la kisayansi, na naomba lisomwe kwa makini na wajumbe wote. Walburga anadai kwamba nilichonunua hakiondoi moshi. Mimi ni mtaalamu wa moshi, nimekula kiapo cha kazi hiyo. Jana nilikwenda jikoni kwetu na kile chombo changu cha kupimia, nikapima juu ya jiko, chini ya dari, nyuma ya mlango, mpaka ndani ya tanuri. Hakuna moshi. Hakuna mvuke, hakuna mafuta hewani, hakuna harufu ya kitunguu wala ya kitu chochote. Kabla Abzug yangu haijaingia nyumba hii, jikoni palikuwa na moshi kila siku. Tangu ilipoingia, hata chembe. Nimekagua majiko ya wilaya nzima, na naapa hakuna kinyonya moshi, hata cha hotelini, kilichowahi kusafisha hewa kiasi hicho, tena bila umeme na bila kelele.

Najua mjumbe mmoja mkorofi atasema hewa ni safi kwa sababu hakuna anayepika. Mimi namjibu kwamba kanuni hupima matokeo. Risasi ikiingia katikati, hakuna anayeuliza ilipitia wapi.

Nisikufiche lakini, Mheshimiwa, kwamba hewa hiyo safi inanikaba. Walburga hurudi nyumbani kulala tu, ananipa mgongo, na asubuhi namkuta ameshaondoka. Nakula mkate na soseji baridi nimesimama, natazama lile duara jeusi ukutani. Nimemkumbuka, na sio mapishi pekee. Alikuwa na tabia ya kuniimbia vibaya wakati anakoroga, nami nikimwambia anyamaze. Sasa amenyamaza.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kamati itamke yafuatayo: kwamba Abzug ni Abzug, haijalishi inanyonya au inafyatua, kwamba niliyoileta ndiyo ile ile niliyomwahidi Walburga Pfaffinger mbele ya mashahidi, na ahadi imetimia, na kwamba yeyote atakayesema vinginevyo klabuni akatwe alama. Nikiwa na hati hiyo nitaisoma kwa sauti wakati wa chakula cha jioni cha Jumamosi, mke wangu atakosa la kusema, tutapatana, na Jumapili nitasimama kwenye nafasi yangu nikiwa na mkono uliotulia.

Nisalimie mumeo, na mama yako kule milimani, wajumbe wote wa kamati, yule katibu mwenye mafua ya kudumu, na mbwa wenu. Walenga shabaha wote wa Oberkreuzling wanakusalimu, wangekuja kusaini na wao ila wako mezani.

Wako mtiifu katika mchezo huu na katika dhiki hii,

Severin Pfaffinger
Mfagia Dohani

Nyongeza, Alhamisi mchana:

Jana niliiacha barua hii mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta Walburga amevaa miwani, ameisoma yote, na hajanuna hata kidogo. Alisema ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, zikiwemo zile za uchumba, na kwamba nimemshinda, anakubaliana na kila neno. Abzug ni Abzug. Ile niliyomwahidi ndiyo niliyoileta. Akanibusu kwenye upara. Nilifurahi sana, kwa muda.

Halafu akasema, "Basi, mume wangu, kama ndiyo uliyoniahidi mimi, ni ya kwangu. Nipe."

Leo fundi wa bunduki, ambaye siku hizi naye anakula pale klabuni, ameihamishia kwenye bastola ya mke wangu kati ya supu na nyama, maana bastola zetu ni za aina moja. Walburga akaijaribu. Risasi zake zote ungezifunika kwa sosa ya kahawa. Korbinian alizitazama, akauliza kama mimi na yeye tumepatana, nikasema ndiyo, akasema, "Vizuri sana Burgl, Jumapili unasimama pale pa Severin."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Daktari Öttl, naiomba kamati iichane barua hii bila kuisoma, na badala yake initumie, kwa haraka iwezekanavyo, hati yenye muhuri inayotamka kwamba kifyatulio cha bastola hakijawahi kuwa, si, wala hakitakuwa kinyonya moshi, na kwamba mtu yeyote aliyewahi kudai hivyo hana akili timamu. Kinyonya moshi cha kumpa badala yake nimeagiza asubuhi hii, kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo dukani. Walburga amenishukuru, ila anasema yeye hana haraka nacho. Jumapili yeye ataamkia fainali, mimi ndiye nitakayepika, na nimeshaambiwa nifungue dirisha.