Bwanausi Atolewa Bendi ya Sebuleni

Bwanausi alifika kijiweni baada ya alasiri na uso wa mtu aliyeibiwa kuku halafu akaombwa hata mchuzi. Hata hajakaa vizuri kwenye benchi, Tarcis keshaitangaza habari.

"Wakuu, kama hamjasikia, Solo katolewa bendi!"

"Bendi gani tena?" aliuliza Mzee Mwinyijuma, mwenye birika.

"Bendi ya sebuleni kwake."

Bwanausi alitamani ardhi ipasuke. Jina hilo la Solo alipewa na kijiwe hiki hiki cha Dunda wiki tatu nyuma, siku shemeji yake Mikdad aliporudi kutoka Maskati na mchezo wa TV wa bendi. Ndani ya boksi mlikuwa na gitaa la plastiki lenye vitufe vya rangi, ngoma za mpira na maikrofoni. Rangi zinateremka kwenye TV, nawe unabonyeza ile inayofika chini. Ukipatia, umati uliomo humo ndani unakushangilia. Ukikosa unakuzomea, na mmoja akizidi kukosa, bendi nzima inaangushwa. Mkewe Shamsia akachukua maikrofoni, yeye akashika gitaa, na ngoma wakampa mama mkwe, Bi Mina, aliyekuja kutoka Kiwangwa kutibiwa magoti na mpaka leo hajakumbuka kurudi.

"Kadhi, sikiliza uhukumu," Bwanausi alisema. "Mimi nimeonewa."

Kadhi ni Mwishehe, mshona kanzu. Sheria hajasoma hata ukurasa mmoja, lakini kesi haimpiti.

"Jana ulipata ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kati ya ishirini? Mbona poa?"

"Kati ya mia."

Benchi lilicheka mpaka likakaribia kuanguka.

"Na mkweo?"

"Tisini na saba."

"Bibi wa miaka sitini na nane!" Tarcis alishika kichwa.

"Yule mwacheni," alisema Mzee Mwinyijuma. "Yule kapiga chapuo kwenye ngoma za Kiwangwa kabla ninyi hamjaota meno. Harusi zilikuwa zinaahirishwa kumsubiri."

Tarcis ni fundi redio, ndiyo maana wanamwita Injinia, na kila tatizo lazima alifungue kifuniko. Akamsogelea Bwanausi.

"Hebu nieleze. Ukipiga, uso wako unatazama wapi?"

"Ukutani."

"TV iko ukutani hapo?"

"TV iko upande wa pili."

"Sasa mwana, unazingua! Rangi unazionaje?"

"Siziangalii!" Bwanausi alifoka, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa panamuuma. "Mama mkwe kakaa mbele ya TV pale, anapiga ngoma, nasikia kabisa kiti kinavyolia! Nikitazama TV namtazama mkwe akitikisika. Mimi nimelelewa, Injinia. Nageuka ukutani napiga."

Kadhi akatikisa kichwa taratibu.

"Hapo kaongea. Mkwe hatazamwi hivyo."

"Kwa hiyo hizo kumi na tisa kazipata kwa kubahatisha?" Tarcis alihesabu kwa vidole. "Basi hongera, Solo! Kumi na tisa kwa kuangalia chokaa ni nyingi kinoma!"

Tangu asubuhi hiyo lilikuwa neno la kwanza la huruma Bwanausi kulisikia, na lilimwingia.

"Na bado hamjasikia. Ijumaa wajomba wote wa Makurunge wanakuja kuitazama bendi. Gitaa kapewa Abdulnasir, mwanyumba wangu! Kamwoa mdogo wake Shamsia juzi tu, hata miezi miwili haijaisha! Anasimama kifua mbele, macho makavu, anaikodolea TV na mkwe yuko pale pale. Mimi mwenye nyumba nimeambiwa nigawe juisi."

"Juisi?"

"Juisi, Kadhi. Wajomba watanionaje?"

"Weka kioo ukutani," alisema Tarcis. "TV utaiona humo."

"Nimeshaweka! Niliazima kioo cha kinyozi. Kinageuza kushoto kulia, kijani ikawa machungwa, umati ukanizomea kama nimeiba. Halafu nikaona kiwiko cha mkwe."

"Ukafanyaje?"

"Nikafumba macho, nikakiamkia."

"Kiwiko?"

"Shikamoo, mama. Na yeye kaitikia marahaba bila kukosa pigo hata moja!"

Mzee Mwinyijuma aliweka birika chini ili acheke vizuri. Kadhi hakucheka. Alisafisha koo na kuinua kidole.

"Hukumu. Litundikwe pazia katikati ya sebule. Mkwe upande wake, Solo upande wake, TV mbele ya wote. Heshima imebaki, gitaa limerudi. Mpigie mkeo sasa hivi, na weka sauti ya nje tusikie."

Bwanausi alipiga simu kwa mkono uliojaa matumaini.

"Mama Najma, kijiwe kimekaa. Litundikwe pazia."

"Pazia la nini?"

"La heshima. Mimi sikosi kwa kutojua, nakosa kwa adabu. Mama anaitazama TV, mimi natazama ukuta. Hapo kuna haki?"

Shamsia akaangua kicheko.

"Nani anaitazama TV? Baba Najma, mama tangu siku ya kwanza anapiga kajifunika kanga gubigubi! Anakustahi wewe mkwewe. Hiyo TV hajaiona hata siku moja. Wimbo akiusikia mara mbili, basi."

"Tisini na saba!" Tarcis alinong'ona. "Gizani!"

Kisingizio cha Bwanausi kilikuwa kimemponyoka mbele ya watu, na hakuwa na kingine.

"Basi... basi mwombe mama anisamehe. Mwambie anirudishe."

"Mama? Mama ndiye aliyekutetea! Kasema uachwe uendelee kupiga, eti mtu mwenyewe mpole. Aliyekutoa ni mimi. Katika sisi watatu, anayeiona TV ni mimi peke yangu, baba."

Simu ikakatika.

Mzee Mwinyijuma alianza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Tarcis akakumbuka redio ya mteja. Wote wakamgeukia Kadhi, naye akasimama, akakung'uta kanzu, akatafuta kandambili zake chini ya benchi.

"Wakuu," alisema, "mahakama hii haiingilii mambo ya mke na mume."

Akaondoka haraka, na wenzake wakamfuata.