Malalamiko Juu ya Mwalimu Aliyemfundisha Sânziana Kuuliza

Sânziana wangu ndiye mkalimani mpya wa kijiji cha Poiana Plopilor. Meya ametia saini jana Jumatatu, na mtoto ana miaka kumi na minne tu. Nimeanza na hilo ili hata ukiishia hapo, uwe umesoma la maana.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Pintilie,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo, na kwa mama yako na mguu wake. Baada ya salamu, nalalamika rasmi juu ya Mwalimu Despina Cazacu wa Kifaransa, ambaye ndiye aliyemfikisha mwanangu hapo. Nasikia mkataba wake wa muda unakuja mezani kwako Ijumaa. Tafadhali usiutie saini kabla hujamaliza kunisoma.

Unanijua. Tulikaa dawati moja kwa marehemu Mwalimu Leonte. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini Kifaransa kiliniganda. Masomo thelathini ya kile kitabu cha kijani ninayo kichwani mpaka leo: kituo cha treni, buchani, bustanini, familia mezani. Wewe ulikuwa mwuza nyama, mimi mteja, na hatukukosea hata pa kupumulia. Ndiyo maana watu wa Saint-Aubrin, kijiji pacha chetu kule Ufaransa, walipoanza kuja kila sikukuu ya Mtakatifu Dumitru, aliyesimama kando ya Meya nilikuwa mimi. Miaka kumi na mitano. Picha ziko ofisini kwake, mimi ni yule mwenye kitambaa cha bluu.

Sasa malalamiko, kwa namba, usije ukasema nimechanganya mambo.

1. Mwalimu Despina hafundishi. Nimemchungulia dirishani. Sisi Mwalimu Leonte alisoma, tukaandika, akasahihisha kwa wino mwekundu, tukakariri. Huyu anawapa watoto shughuli: leo pangeni safari, leo mgombezeni mwenye duka aliyewauzia kiatu kibovu. Darasa zima linaongea kama soko la Alhamisi, yeye anazunguka tu akisikiliza. Alipotoka nikamwuliza, "Mwalimu, na wewe unaanza kufundisha saa ngapi?" Akacheka. "Mama Sânziana, ndiyo njia yenyewe hii. Lugha wanaipata kwa kuitumia." Nikamwambia hata ng'ombe wangu anautumia mkia kila siku na hajapewa cheti.

2. Anawaacha wakosee. Mtoto wa mwokaji, Vasilică, alitoa sentensi yenye makosa matatu. Niliyahesabu mimi mwenyewe, nikiwa nje. Mwalimu akamjibu kana kwamba hakuna lililotokea, eti kwa sababu ameeleweka. Enzi zetu kueleweka hakukumtosha mtu. Mwalimu Leonte hakuwa na haja ya kumwelewa yeyote, alisahihisha.

3. Kazi zake za nyumbani zinaingia nyumbani kweli. Wiki nzima Sânziana aliagizwa kila kitu mezani akiombe kwa Kifaransa, na sisi tumjibu hivyohivyo. Mume wangu Neculai unamfahamu, hata kwa Kiromania hafungui kinywa zaidi ya mara mbili kwa siku. Siku ya tatu akaomba chumvi. Siku ya nne akanishukuru kwa supu. Nimeolewa miaka ishirini na miwili, sijawahi kushukuriwa kwa supu. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Naomba hilo liandikwe kuwa usumbufu.

4. Hapa kaa chini kwanza. Ijumaa iliyopita Mwalimu Despina aliweka skrini kubwa ukumbini, akamwalika Meya na wazazi, na kila mtoto akazungumza na mtu wa Saint-Aubrin, uso kwa uso, kuhusu ziara inayokuja. Sânziana alipewa Bwana Anselme Perrot, kiongozi wa msafara wao, ambaye kila mwaka hufikia kwangu. Kila jibu, mtoto analigeuza papo hapo kwa ajili ya ukumbi. Nilikaa mstari wa mbele. Nikamgusa kiwiko mama Vasilică: "Umesikia? Tumbo hili ndilo lililomzaa."

Basi mtoto akauliza, "Ukija kwetu, kitu gani kinakupa shida?" Mgeni anaulizwa hivyo? Katika masomo thelathini swali hilo halimo. Mzee naye akajibu. Alisema kwao mtu akifurahia chakula huifuta sahani kwa mkate mpaka ing'ae, ndiyo adabu waliyolelewa nayo. Na kwa Bibi Aurica, yaani kwangu, kila akiifuta, inajazwa. Akiifuta tena, inajazwa tena. Kumbe miaka kumi na mitano mzee wa watu amekuwa akimaliza sarmale kumi na nne za nyama iliyoviringishwa kabichi kwa adabu tu, na mimi kando nawanong'oneza majirani, "Mpeni nafasi, kwao hashibi huyu." Unavyotujua, kwetu sahani tupu ni mtu anaomba. Sikuwa na kosa. Lakini ukumbi uliangua kicheko, Meya akavua miwani kufuta macho. "Aurica, wewe ungetuulia mgeni na kabichi."

5. Kicheko kilipoisha, mtoto akauliza kama mwaka huu Bibi Mireille atakuja. Huyo ni mke wa Bwana Anselme, aliyekuwa akija naye kabla hajaanza kuugua. Mzee akasema Mireille alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi Machi. Akasema alidhani tunajua. Alitwambia mwaka uleule, mezani.

Mwalimu Mkuu, alitwambia kweli. Kila mwaka mimi humwuliza, "Mke wako hajambo?" Somo la nne, sentensi ya kwanza. Mwaka ule alijibu maneno mengi, taratibu, uma mkononi, akitazama sahani. Mimi nikawageukia watu wote nikatafsiri: "Anasema hajambo, anawasalimu, na jamu ya cheri aliipenda mno." Katika kitabu mke wa mtu huwa hajambo. Watu wakapiga makofi. Mzee akayatazama makofi yale, akainamisha kichwa. Asubuhi nikamfungia chupa nyingine ya jamu ampelekee mkewe. Tangu hapo amebeba tatu.

Ukumbini hakucheka mtu tena. Sânziana alimwambia mzee jambo fupi, polepole, lenye kosa moja, nililisikia. Mzee akatabasamu na kujifuta macho. Jumatatu Meya akabadilisha mkalimani.

6. Hili si lalamiko, ni ombi. Kwanza, Mwalimu Despina asipewe mkataba. Pili, kitabu cha kijani kirudi. Tatu, mwanafunzi apigwe marufuku kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Na nne, nakala zipelekwe Saint-Aubrin mapema, wageni wajifunze majibu yao kabla ya kupanda basi. Tukifanya hivyo tutaelewana vizuri kama zamani, na hakuna atakayekufa kati ya somo la kwanza na la thelathini.

Niishie hapa, unga umeshaumuka. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa langoni, na hata Mwalimu Despina, umwambie kile kikohozi akitilie asali.

Wako katika dawati lile,
Aurica Buhuș,
mama wa mkalimani

Tanbihi: Barua hii imelala siku mbili nyuma ya picha ya Bikira, leo ni Alhamisi. Nimekipekua kitabu cha kijani ukurasa kwa ukurasa nikitafuta mtu aliyefiwa anaambiwaje. Hamna. Jana nikachukua mayai, nikaenda kwa Mwalimu Despina. Nilidhani atanikaririsha. Akaniuliza tu, "Mama, unataka kumwambia nini?" Nikayasema kwanza kwa lugha yetu, yakatoka mengi, tukaanza kuyajenga, sentensi moja baada ya nyingine. Leo nimerudi tena. Bado yana makosa, nayaona, ila anasema mzee atanielewa, na mimi sasa nataka nieleweke. Kwa hiyo utie saini kesho asubuhi kabla hujanywa chai, sijamaliza naye. Kando ya Meya atasimama Sânziana. Ya kwangu nitayasema kwa mdomo wangu. Padre amekubali jina la Mireille lisomwe pamoja na ya wafu wetu, ngano ya kuwakumbukia naichemsha mimi, na sahani ya Bwana Anselme ikiisha kung'aa asiiguse mtu. Njoo na mkeo, na mama na mguu wake, na shule nzima: Jumamosi tarehe 25 Oktoba, mkesha wa Mtakatifu Dumitru, ndiyo Jumamosi ya Wafu, baada ya ibada ya asubuhi.